Marehemu Sadayoshi Kuwanaga na Zamu za Nyumba Thelathini na Moja

Waombolezaji mliofika kwa boti ya saa nne asubuhi, na ninyi wachache ambao hamkuhitaji boti, mimi naitwa Chikage, ni mke wa Hirotsugu, mtoto wa pili wa marehemu. Nimepewa kazi ya kusoma kwa sababu mume wangu amesema hawezi, na wifi yangu Mikako amesema akisimama tu atalia. Mimi nimekwisha kulia hospitalini, kwa hiyo nitasoma mpaka mwisho, na naomba mnisikilize mpaka mwisho, maana mwishoni nina ombi.

Marehemu Sadayoshi Kuwanaga alizaliwa tarehe 19 Februari 1941, hapa hapa kisiwani Mukaze, katika nyumba ya ngazi ya pili ya mteremko unaotazama gati, akiwa mtoto wa nne kati ya saba wa mvuvi wa dagaa. Vyeti vyake vinasema tarehe 2 Machi, kwa kuwa upepo wa kaskazini magharibi ulizuia boti siku kumi na moja na baba yake hakuweza kwenda bara kuandikisha, lakini mama yake alishikilia tarehe 19 Februari, na mama ndiye aliyekuwepo.

Wajukuu waliokuja leo kwa mara ya kwanza wameniuliza pale gatini mto uko wapi, kwa hiyo nieleze kwa kifupi. Mto haupo. Kisiwa hiki ni jiwe moja jeusi lenye mzunguko wa kilomita nane, mvua ikinyesha hukimbilia baharini kabla hujaleta ndoo, na maji yote ya kunywa hutoka katika chemchemi moja chini ya jabali la kaskazini, wakati ghuba pekee ya kutia chombo, na kwa hiyo kijiji chenyewe, iko kusini. Familia saba za kwanza zilichonga mfereji wa mawe kulizunguka jabali, wenye urefu wa mita mia tisa, na kwa kuwa mawe huanguka ndani yake kila siku, ziliweka zamu, kila siku nyumba moja kupanda, kuondoa mawe na majani, na kuteremka na kibao chenye jina la nyumba inayofuata. Ziliweka pia sharti, kwamba nyumba ikikosa zamu tatu mfululizo inafutwa katika daftari, na nyumba iliyofutwa haina tena nafasi ya kuzika mifupa yake katika makaburi ya juu. Waliona kwamba asiyewatunzia maji walio hai hana haki ya kulala na wafu wao.

Marehemu alipokuwa na umri wa miaka mitatu, mwaka 1944, wanajeshi walikuja kuchimba mahandaki katika jabali, baruti zao zikapasua mwamba, na chemchemi ikahama mita arobaini kwenda chini. Wanajeshi waliondoka, nyufa zikabaki, na tangu hapo mawe huanguka mara mbili ya zamani. Alisoma shule ya kisiwa kuanzia Aprili 1947 hadi Machi 1956, wakati shule ilikuwa na wanafunzi mia moja arobaini na wawili na kijiji nyumba themanini na nne, hata zamu ilifika kwa kila nyumba mara nne tu kwa mwaka, na watu waliichukulia kama matembezi, wakibeba viazi vitamu vya kuchemsha na kurudi wakiimba.

Kuanzia mwaka 1956 alivua dagaa katika chombo cha mjomba wake, na dagaa walipotoweka mwaka 1963 akaenda bara kuunganisha vyuma katika kiwanda cha meli, kama vijana wote wa rika lake, wakiagwa gatini kwa tepe za karatasi ambazo hukatika boti inapokwenda. Alikaa huko miaka sita. Januari 1969 baba yake alifariki, ndugu zake wote walikuwa mbali, mama alikuwa na miguu mibovu, na zamu mbili za nyumba zikapita bila mtu. Mwezi Julai alipokea simu ya maandishi kutoka kwa mama yake, haikuwa na salamu, ilisema tu, "Zamu ya tatu ni tarehe nane." Alifika tarehe saba, akapanda tarehe nane, na hakuondoka tena.

Tarehe 5 Mei 1970 alimwoa Tsuruyo, binti wa nyumba ya Kajitani ya ngazi ya tatu, ambaye yupo hapa mbele yenu, na ambaye ameniagiza nisiseme kwamba ndoa yao ilikuwa ya furaha tele, niseme ilikuwa ndoa. Walijaliwa watoto wawili, Mikako aliyezaliwa mwaka 1972 na Hirotsugu aliyezaliwa mwaka 1975, na ameacha wajukuu watatu, akiwemo binti yangu Kotone mwenye miaka kumi, ambaye ndiye mwanafunzi pekee wa shule aliyosoma babu yake. Marehemu alivua ngisi, alipeleka barua nyumba kwa nyumba kwa miaka ishirini na mbili, na kuanzia tarehe 1 Aprili 1991 alikuwa mtunza daftari la zamu, lililokuwa limebaki na nyumba thelathini na moja, kazi ambayo hakuna aliyeigombea.

Hapo ndipo penye jambo ambalo ukoo umekubaliana niliseme wazi.

Mimi niliolewa hapa mwaka 2010 nikitokea bara, na tangu siku ya kwanza niliona baba mkwe anatoka kila asubuhi na jembe dogo, anarudi saa tano, anakunywa chai, wala hajilazi. Nilidhani ni mazoezi ya mzee. Wakati huo nyumba zenye watu zilikuwa tisa, na sasa ni tatu, yaani yetu, ya Bi Orita, na ya Mzee Tabuse anayetunza makaburi. Mwaka 2022 tuliomba halmashauri ya mji itujengee pampu na tangi hapa kusini, ili tuachane na mfereji, na Februari mwaka huu tukajibiwa kwa heshima kubwa kwamba, kwa mujibu wa daftari la zamu, Mukaze ina nyumba thelathini na moja zinazoshiriki kazi ya maji bila kukosa hata siku moja, kwa hiyo mzigo umegawanywa vizuri na hakuna dharura.

Nilikwenda moja kwa moja kulifungua daftari. Nyumba ishirini na nane kati ya hizo ni zenu ninyi mliokuja kwa boti. Majina ni yenu na mwandiko ni wake. Katika kila siku thelathini na moja alipanda siku ishirini na tisa, moja kwa ajili yetu na ishirini na nane kwa ajili yenu, mbili zilizobaki, yake na ya Bi Orita, akipanda Mzee Tabuse, na kila baba mkwe aliporudi aliandika jina la nyumba yenye zamu, wala si jina lake.

Nilimuuliza, "Baba, hii nini?" Akasema, "Zamu." Nikamwambia, "Zamu ya nani? Takeo Kajitani ana miaka thelathini hajakanyaga hapa!" Akasema, "Nyumba yake ipo." Nikasema, "Nyumba yake haina paa, Baba, mna mti ndani." Akajibu, "Paa ni kitu cha kurekebisha." Mama mkwe akiwa jikoni akasema kwa sauti, "Mwache, huyo angekuwa mwepesi hivyo kurekebisha paa langu ningekufa kwa furaha." Mimi sikucheka. Nilimwambia kwamba uongo wake umetunyima maji. Akasema, "Mama Kotone, nikimfuta Takeo, siku akifa mifupa yake wataipeleka wapi? Kwenye kabati la mifupa la jiji, namba mia nne na ngapi? Alinifundisha kuogelea yule."

Hakukusudia kudanganya halmashauri. Hakufikiria kabisa kwamba kuna mtu nje ya Mukaze angelisoma daftari lile kama orodha ya watu wenye mikono na miguu. Kwake lilikuwa orodha ya watu wenye haki ya kurudi. Nilimsihi alisahihishe, Machi, Mei na Agosti, akakataa mara zote tatu, na mara ya tatu sikuzungumza naye kwa siku nne, jambo ambalo leo linaniuma, lakini nisingelirudisha nyuma, maana nilikuwa na haki.

Kuhusu kuugua kwake. Kimbunga cha tarehe 9 Oktoba kiliporomosha jabali na kufukia mfereji urefu wa mita sitini. Tarehe 12 Oktoba, siku iliyoandikwa kwa nyumba ya Kajitani, alipanda na jembe lake akiwa na miaka themanini na miwili, jiwe likateleza, akavunjika nyonga. Mzee Tabuse alimkuta saa nane mchana. Bahari ilikuwa mbaya, boti haikuweza kuja, helikopta ilifika asubuhi ya pili. Alifanyiwa upasuaji tarehe 14, akaanza kuketi kitandani, kisha akashikwa na homa ya mapafu.

Kila siku aliniuliza zamu ni ya nani. Tarehe 1 Novemba nilimwambia ni ya Bi Orita. Akasema, "Bi Orita hapandi, magoti yake yamekwisha." Nikasema, "Leo amepanda." Akaniangalia, akasema, "Wewe uongo huuwezi, mwanangu, usijaribu tena." Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyoniambia. Alifariki tarehe 3 Novemba 2023, saa kumi na moja na dakika arobaini jioni, mke wake akiwa amemshika mguu, kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa na mipira ya dawa.

Sasa ombi langu. Tangu kimbunga hakuna tone lililofika kijijini. Tunakunywa maji ya chupa yanayoletwa na boti, boti ikikosa tunakunywa ya mapipa ya mvua, na Bi Orita anaosha vyombo kwa maji ya bahari na kusema anapenda chumvi. Halmashauri inapokea maombi ya pili mpaka tarehe 30 Novemba, ikitaka daftari sahihi, na kila nyumba isiyo na mtu ithibitishe kwa muhuri wake, ambao ndio saini ya nyumba, kwamba haishiriki zamu. Ndiyo maana Mikako aliwapigia simu mje na mihuri. Wengine mlidhani ni kwa ajili ya karatasi za msiba, na hatukuwasahihisha, mtusamehe.

Najua mnachopoteza. Mzee Tabuse nimemwomba aliondoe sharti la makaburi, nimemwomba mpaka nimepiga magoti, akaniambia, "Bila zamu hakuna kaburi. Sikulitunga mimi, na sitakuwa mimi wa kulivunja." Sina la kumfanya. Mkipiga muhuri, mtakapokufa mifupa yenu haitapanda kule juu, na miaka thelathini na miwili ya baba mkwe wangu inafutika kwa mchana mmoja, nami ndiye nimeshika kifutio.

Msipopiga, hakuna pampu, na tarehe 31 Machi sisi sita tuliobaki tutafunga milango. Shule itafungwa, boti itaacha kuja, na haki yenu ya kuzikwa itabaki safi katika daftari, juu ya kisiwa ambacho hakuna mtu wa kuwapokea gatini, wala wa kuchimba, wala wa kung'oa majani. Nimetafuta njia ya tatu mwezi mzima. Mwenye nayo anipe kabla boti haijaondoka saa tisa.

Jana asubuhi, kabla hatujapanga viti hivi, mama mkwe alichukua muhuri wa nyumba ya Kajitani, ambao kaka yake Takeo alimwachia alipohamia jijini. Takeo ana miaka themanini na mitano, yuko kitandani, na kila mwaka mpya huandika kwamba atarudi. Nilimwambia, "Mama, ngoja kwanza umuulize." Akasema, "Nikimuuliza atakataa. Akiwa na hasira aje mwenyewe agombane na mimi, nitafurahi kumwona." Akaupiga. Wino ulitoka vizuri, akaupuliza ukauke, akaenda kuosha mchele kwa maji ya chupa. Kwa hiyo zimebaki nyumba ishirini na saba. Karatasi iko juu ya meza pale mnapovulia viatu, na sitasimama karibu nayo.

Kwa niaba ya ukoo nawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya bara, hasa muuguzi aliyekubali kumwandikia mgonjwa siku za zamu kwenye ubao, rubani wa helikopta, nahodha wa boti aliyemrudisha marehemu na kupunguza mwendo alipoingia ghubani bila kuombwa, wafanyakazi wenzake wa posta, Bi Orita aliyewapikia wote, na Mzee Tabuse, ambaye pamoja na yote niliyosema, alimbeba baba mkwe wangu mgongoni mita mia tisa akiwa na miaka sabini na sita.

Baba, nimesoma kila kitu, na sikudanganya. Umepanda vya kutosha. Kaa chini sasa, upumzike.