Kabichi za Sokoni Katika Vikapu Vyetu

Sogeeni wanangu, na wewe kitindamimba zima hiyo redio, maana pumzi niliyobaki nayo si ya kushindana na kelele.

Shamba hili msiligawe. Zile familia thelathini za mjini hutulipa kabla hatujapanda, kisha kila Jumamosi huja kuchukua kapu la chochote kilichoiva. Yule mwenye hoteli anayetaka kuyanunua mazao yote, mwambieni hapana. Sababu nawapa leo, ingawa inaniaibisha.

Mwaka ule wa mvua ya mawe, kifunguamimba ukiwa bado unanyonya, bustani yote ililala chini, nami kwa kuona haya nikadamka kwenda sokoni, nikanunua kabichi na nyanya za watu, nikazijaza vikapuni kana kwamba ni zetu. Fundi cherehani, mmoja wa wateja wetu, akainusa kabichi yake, akaniuliza mbele ya wenzake, "Mama, tangu lini mnapuliza dawa?" Nikamsingizia mdogo wangu, huyo mjomba wenu, nikasema ndiye aliyezinunua sokoni akafungasha. Mjomba wenu alikuwa amesimama palepale, kapu mkononi. Alilitua, akanawa mikono bombani, akaondoka, na hajakanyaga tena hapa.

Wiki iliyofuata nikawaeleza wateja kwamba hakuna cha kuwapa ila matembele. Nilitegemea matusi. Fundi cherehani akacheka: "Sisi tulilipia msimu, hatukulipia nyanya. Nipe hayo matembele, na jembe pia." Walikuja watu kumi na wawili, tukapanda upya, na hata siku ile, mbele ya wema wote ule, sikumsafisha ndugu yangu.

Basi shikeni haya. Kisiingie kapuni kitu ambacho hakikuota hapa. Mavuno yakiwa haba, semeni ni haba. Kipande cha bondeni, kile cha mchicha, ni cha mjomba wenu kulima, humuhumu ndani ya shamba moja. Kifunguamimba, mfuate mwenyewe kwenye karakana yake ya baiskeli, usimpigie simu. Na aje asije, Jumamosi waambieni watu wa vikapu ukweli, wote wakiwa wamesimama pale, kwa sababu uongo niliusema wote wakiwa wamesimama pale.

Nipeni maji... kidogo tu. Inatosha.

Radhi zangu mnazo, nyote wawili, za kulala na za kuamka. Mungu awape mvua na afya... na msigombane. Mjomba wenu... mwambieni kwamba dada yake... anaomba radhi.