Tarishi na Barua Zilizokwama Ijumaa

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Leo tunamkumbuka aliyekuwa fundi kompyuta wa redio yetu hii, mtu tuliyempa jina la Tarishi. Alifariki wiki iliyopita kwa maradhi ya moyo. Kwa kawaida mimi husimulia ya wengine. Leo nami nimo, na sina cha kujivunia.

Kwa nini Tarishi? Kwa sababu barua pepe zote za ofisi hii zilipita mikononi mwake. Kule chumba cha nyuma, kati ya feni mbovu na maboksi ya kanda, alifunga kompyuta ya mfumo wa Linux ya kutuma barua. Alifanya kazi amepiga magoti, anaisemesha mashine kama anayembembeleza mtoto anywe dawa. Mimi nilikuwa msimamizi wa zamu, akaniita anieleze. Akasema, "Kaka, hii haitoi barua nje yenyewe. Inaikabidhi seva kuu, ile kompyuta kubwa ya mtandao wetu, na seva kuu ndiyo inayotoa nje. Mstari huu mmoja wa maagizo ndio unaoielekeza. Usiguswe." Akaniachia nywila kwenye karatasi, kwa dharura. Aliniamini.

Miaka sita iliyopita, siku ya Ijumaa, Tarishi aliomba ruhusa akamwone mama yake hospitalini. Seva kuu ilikuwa inasuasua. Nami nilikuwa na barua yangu, na haraka zangu za kuondoka. Nikajiambia, kwani huu ni udaktari? Nikatoa karatasi, nikaingia kutoka kompyuta ya mezani kwangu, nikaufuta ule mstari ili barua ziende moja kwa moja. Nikachukua mkoba, nikaenda zangu.

Hazikwenda, wasikilizaji. Mtandao wa ofisi hauruhusu barua kutoka ila kupitia seva kuu. Zikakwama kwenye foleni Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Mojawapo ilikuwa orodha ya wasikilizaji wetu waliosubiri upasuaji wa macho kwa madaktari wageni. Madaktari hawakuipata, wakaja Jumatatu na vifaa pungufu. Watu kumi na tisa walirudishwa nyumbani bila kupasuliwa. Nilimwona mzee mmoja kwenye geti la hospitali, mkewe amemshika kiwiko, anamhesabia ngazi. Narudia: watu kumi na tisa.

Jumatatu hiyo Tarishi aliurudisha mstari ndani ya dakika tatu. Kikao kikaitwa. Meneja akamwambia kompyuta ni yake, na kosa ni lake. Tarishi akasema tu kwamba aliiacha ikiwa sawa. Mimi nilikaa kiti cha pili kutoka kwake. Nikaufyata, jitu zima, nakagua vifungo vya shati langu. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Hili nililichuma mimi, akalila mwenzangu peke yake. Mwezi haukuisha, akaachishwa kazi.

Tangu hapo alitengeneza kompyuta za watu sebuleni kwake. Nikimwona barabarani, nilivuka ng'ambo. Yeye alinipungia mkono.

Juzi nilikwenda msibani. Binti yake anasomea kazi hiihii ya baba yake. Alinipa kiti, akaniuliza kwa adabu, "Baba mdogo, baba alikosea wapi kwenye ile kompyuta? Nataka nijue, nisije nikalirudia kosa lake."

Nikamwambia nitamjibu siku nyingine. Hata pale, wasikilizaji. Hata pale.

Mjane alinisindikiza hadi mlangoni. Akaniambia mumewe alijua tangu Jumatatu ile, maana mashine huandika saa iliyoguswa na meza iliyotumika. "Nilimwambia akutaje," alisema. "Akasema utakuja mwenyewe. Tulikungoja, shemeji."

Leo asubuhi nimempelekea meneja maelezo yangu, kwa mkono wangu. Kwenu wale kumi na tisa, na wake zenu na waume zenu waliowaongoza kurudi nyumbani, naomba radhi. Kwa mjane, kwa binti, kwa mama mzazi aliyemzika mwanawe: poleni sana. Na wewe unayenisikiliza, kama yupo mtu anayebeba lawama yako, mfuate angali hai. Mimi nimechelewa.

Binti yangu, najua redio iko wazi hapo kwenu. Uliniuliza swali, nami nakujibu huku mji mzima ukisikia. Baba yako hakukosea popote. Mstari ule niliufuta mimi.