Historia ya Mama Mdogo, Fundi Cherehani Ambaye Hakutupa Mtoto

Ndugu waombolezaji, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya mama yangu mdogo, fundi cherehani mliyezoea kumwita Dada Pindo, nami nitayasoma yote, hata ukurasa ambao asubuhi ya leo niliombwa niuruke.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1979, kitinda mimba kati ya watoto watano, akamaliza darasa la saba mwaka 1993, na tarehe 6 Februari 1995 akaanza kushona katika kibanda kilicho nyuma ya stendi ya mabasi, ambako alidumu mpaka ugonjwa ulipomtoa.

Mwezi Agosti 2001, akiwa msichana asiyewahi kubeba mimba, matiti yake yalianza kutoa maziwa, naye kwa aibu akajishonea vitambaa vya kuweka ndani ya sidiria, akavifua na kuvianika, mwenye nyumba akaviona kwenye kamba akasema ni nepi. Kwa neno hilo moja watu wazima, wengine mmeketi hapa, walichukua majembe wakachimba nyuma ya choo wakitafuta maiti ya kichanga, wakaambulia chupa na mifupa ya kuku, kisha wakambatiza jina la Mtindi, na kila apitapo, "Mtindi, mwana yuko wapi?" Inatia kinyaa, na sitafuti neno tamu zaidi.

Tarehe 19 Mei 2004 alipigwa picha ya kichwa, daktari akamweleza kwamba estrojeni na projesteroni ni homoni zinazokuza matiti na kuyaandaa, prolaktini hutengeneza maziwa, na oksitosini huyasukuma nje mtoto anaponyonya, ila kwake yeye, kwenye tezi iliyo chini ya ubongo, ndogo kama punje ya kunde, uvimbe ulikuwa ukimwaga prolaktini bila mimba wala mtoto, ukamfungia na hedhi.

Tarehe 8 Desemba 2007 aliolewa na fundi bomba, aliyewaambia wambeya kwamba yeye ameoa mtu, hajaoa tetesi. Kuhusu watoto, na huu ndio ukurasa wenyewe: hakuzaa, hakutoa, hakutupa.

Nilipojifungua mwaka juzi, maziwa yakagoma kwa woga na machozi yangu, alinikanda mgongo kwa taulo la moto, akasema, "Mwanangu, titi halisikii amri, linabembelezwa," nikacheka, yakatoka.

Uvimbe ulimpunguzia macho, akawa anashona kwa kupapasa, akalazwa tarehe 2 Juni 2024 ulipovuja damu, akafariki tarehe 5, saa kumi alasiri. Jana, tukimvisha, mwanamke mmoja kati yenu alimbonyeza titi maiti, eti aone kama bado linatoa.

Tunawashukuru madaktari, muuguzi aliyemchana nywele bila kuombwa, fundi mwenzake aliyemtungia uzi sindanoni miaka mitatu kimyakimya, na jirani mwenye duka, aliyekataa kuwaazima wachimbaji jembe lake siku ile. Mkono uliombonyeza usiguse udongo wa kaburi hili.

Pumzika kwa amani, Mama Mdogo, hukutupa mtoto, ulimshibisha wangu.