Mzee Bado na Mstari wa Kumi na Saba

Wapendwa wetu mliofika, mliopata viti na mliosimama ukutani, familia imempa mpwa wa marehemu, mtoto wa dada yake, kazi ya kuwasomea maisha ya mjomba wake, na imemwonya asome kilichoandikwa bila kutia chumvi, kwa sababu mwenye maisha haya angemsimamisha kila sentensi na kumuuliza, uliona kwa macho yako au umeambiwa.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mzee Bado, alizaliwa tarehe 14 Mei 1962, saa moja asubuhi, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya karakana ya baiskeli ya baba yake, akiwa mtoto wa pili kati ya sita, mama yake akiwa mpishi wa shule, na dada yake mkubwa, ambaye yuko nasi hapa, anasema kwamba alichelewa kutembea kuliko wenzake wote, si kwa udhaifu, bali kwa sababu alitaka kwanza kuhakikisha sakafu. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1969 hadi 1975 na sekondari kuanzia 1976 hadi 1979, ambako mwalimu wa hesabu alimpenda na kumchoka kwa wakati mmoja, kwani kila mtihani alikuwa wa mwisho kutoa karatasi, akirudia jibu ambalo tayari lilikuwa sahihi, kisha mwaka 1980 akajiunga na chuo cha ufundi na kumaliza mwaka 1982 akiwa fundi mitambo.

Tarehe 7 Februari 1983 alipanda meli yake ya kwanza ya mizigo kama msafishaji wa chumba cha injini, yaani mtu wa kufuta mafuta sakafuni, kubeba vyuma vizito na kutumwa huku na huku, na hapo ndipo alipokutana na masharti aliyokuja kuyajua kuliko siku za kuzaliwa za wanawe: kwamba ili mtu aruhusiwe kushika zamu mbele ya injini ya meli lazima awe ametimiza umri, awe na cheti cha daktari kinachothibitisha kwamba macho yanaona na masikio yanasikia, awe ametumikia baharini miezi isiyopungua sita, na awe na kitabu cha mafunzo ambamo kila kazi ina mstari wake, na kila mstari hutiwa sahihi na mkubwa aliyemshuhudia akiifanya kazi hiyo. Mhandisi mkuu wa meli ile alikuwa mtu mwema sana, na wema wake ndio uliozaa mengi tutakayoyasema, kwa maana siku miezi sita ilipotimia alimwita kijana wake mezani, akakifungua kitabu kile na kukijaza sahihi kuanzia mstari wa kwanza hadi wa ishirini na mbili kabla chai haijapoa, akamwambia, wewe ni mchapakazi, mengine utayajua mbele ya safari, na marehemu akashukuru kwa mikono miwili.

Hiyo mbele ya safari ilifika tarehe 19 Oktoba 1985, saa nne asubuhi, bomba dogo la mafuta lilipopasuka na mafuta kurukia chuma cha moto juu ya injini, moto ukawaka, umeme ukakatika, naye, aliyekuwa na sahihi safi kabisa ya kuwasha pampu ya dharura ya kuzimia moto, akatumwa kuiwasha, akafika mbele yake na kukumbuka kwamba hajawahi kuigusa. Pampu ilinguruma, lakini hakujua kwamba valvu ya kuingiza maji ya bahari inafunguliwa kwanza, kwa hiyo mpira wa maji ulibaki mkavu, na katika dakika zile alizokuwa akihangaika, mwenzake wa zamu, tunayemwita Grisi, alipambana na moto kwa mitungi ya mkononi hadi ukazimika, na mikono yake yote miwili ikaungua mpaka kwenye viwiko. Grisi ndiye yule aliyeketi mbele pale mwenye shati la mikono mirefu, ameruhusu jambo hili lisomwe, na ametuomba tuongeze kwamba mikono bado inashika kijiko vizuri tu, mpishi asisite.

Marehemu hakumwambia mtu yeyote nyumbani, alipiga moyo konde akaendelea na kazi, akapanda ngazi taratibu kama ilivyokuwa tabia yake, mwaka 1992 akafaulu mtihani wa mhandisi wa zamu, mwaka 1998 wa mhandisi wa pili, na tarehe 30 Agosti 2005 akapata cheti cha mhandisi mkuu, na kila baada ya miaka mitano alipeleka hesabu ya miezi yake ya baharini ili vyeti vihuishwe, akiwa amefika ofisini kabla karani hajafungua dirisha. Katika miaka yote hiyo wanafunzi waliopita mikononi mwake walimletea vitabu vyao wakiwa na kalamu tayari, naye aliwauliza, umefanya peke yako, na kama jibu lilianza kuzungukazunguka alisema bado, akarudi kwenye kazi yake, na hiyo ndiyo asili ya jina alilobeba hadi leo.

Tarehe 8 Desemba 1990 alifunga ndoa na mke wake, mpiga chapa wa ofisi ya forodha na binti wa fundi cherehani, na siku alipokwenda kujitambulisha ukweni alibeba bahasha ya plastiki yenye vyeti vyake vyote, akiwa anaamini kwamba mzazi yeyote mwenye akili angependa kuviona, ambapo baba mkwe alikisoma cheti cha daktari mpaka chini, akavua miwani na kusema, macho yanatofautisha rangi, kifua ni kizima, basi kilichobaki ni tabia, na hiyo haina muhuri. Mungu aliwajalia watoto watatu, wa kwanza wa kiume, aliyezaliwa 1991, ambaye ni kinyozi, wa pili wa kike, aliyezaliwa tarehe 2 Novemba 1994, na kitinda mimba, aliyezaliwa 1999, ambaye ni muuguzi, na wote watatu walilelewa na baba ambaye kabla ya kuruhusu mtu awashe jiko la gesi alitaka kwanza aonyeshwe jinsi linavyozimwa.

Yule wa pili ndiye aliyefuata nyayo zake, alisomea uhandisi wa meli, na ilipofika wakati wa kutimiza miezi sita ya kushika zamu chini ya uangalizi, kampuni ilimpanga kwenye meli ya baba yake kwa sababu wahandisi wakuu wengine watatu walidai hawana chumba cha kulala mwanamke, hivyo kuanzia tarehe 11 Aprili 2016 baba na binti waliishi chini ya sitaha moja, binti akimwita Chifu kazini na Baba mezani, na mabaharia waliokuwa nao wanasema hawakuwahi kumwona mzee akitembea kifua mbele namna ile. Alimfundisha kila kitu, na mstari baada ya mstari ulitiwa sahihi, isipokuwa ule wa kumi na saba, wa kuwasha pampu ya dharura peke yake, bila mtu mwingine ndani ya chumba cha pampu, kilicho chini kabisa ya meli kwenye ngazi moja nyembamba, pampu ambayo binti alikuwa ameiwasha mara nne akiwa na baba yake nyuma ya bega. Ilipangwa ashuke chumbani humo peke yake tarehe 8 Oktoba, lakini tarehe 3 pampu ile ikafunguliwa kwa matengenezo, kifaa kilichohitajika kikawa kinasubiriwa bandari iliyofuata, na binti akafikia siku ya kushuka melini mstari ukiwa mtupu.

Mhandisi wa pili alimsihi mzee atie sahihi, akisema kila mtu melini anajua kwamba binti anaweza, binti mwenyewe akamwambia, Baba, si ni wewe uliyenifundisha, naye akajibu neno lake lile moja, akakifunga kitabu na kumrudishia, na kwa sababu ya mstari huo msimamizi wa mitihani alikataa kumpokea mwezi Novemba, akamwambia arudi kitabu kikiwa kimekamilika, ikabidi apande meli nyingine, apate sahihi ya mhandisi mwingine mwezi Machi, na afanye mtihani Juni 2017, ambao alifaulu. Alipofika nyumbani ile Oktoba alimwambia mama yake kwamba huyo si baba, huyo ni karani, na kwa mwaka mmoja na miezi mitatu wawili hawa hawakusemeshana, mama akawa njia ya simu katikati ya sebule moja, mwambie mumeo chai ipo, mwambie mwanao nimeiona, mpaka mama akachoka na kuwaambia kwamba yeye aliolewa na mtu mmoja na kuzaa watu watatu, hakuajiriwa kuwa posta.

Mwezi Januari 2018 mama aliwakalisha meza ya jikoni, akatoka na kuufunga mlango kwa nje, na kwa mara ya kwanza marehemu akamsimulia binti yake habari za moto, za mpira mkavu na za mikono ya Grisi, na mlango ulipofunguliwa walikuwa wanasemeshana, wote wawili macho mekundu, na tangu siku hiyo familia nzima, na wengi wenu pia, tumeisimulia habari hii kama mfano wa uaminifu wa mzee aliyekataa kumpendelea hata mwanawe.

Mwaka 2019 daktari wa mabaharia aligundua kwamba moyo wake umepanuka, akakataa kumpa cheti, na marehemu, aliyewanyima wengi sahihi, alimshukuru daktari yule kwa kuwa makini, kisha akaenda kukaa ndani ya gari nusu saa kabla ya kuliwasha. Hali yake ilibadilika tarehe 18 Februari 2024, akalazwa, na tarehe 2 Machi, akiwa amekaa kitandani kwa msaada wa mito mitatu, alimwomba mke wake ashike simu, akarekodi ujumbe kwa binti yake, ambaye sasa ni mhandisi wa pili na alikuwa safarini, akamwambia kwamba pampu ile ya mwaka 2016 haikuwa na ugonjwa usioweza kusubiri, ingeweza kufanya kazi mwezi mzima zaidi, ila yeye ndiye aliyeamuru ifunguliwe, kwa sababu siku ya binti kushuka kule chini peke yake ilikuwa inakaribia na hakuweza kula wala kulala, aliogopa, akajificha nyuma ya sheria, akamwacha mwanawe apoteze miezi saba, na hata siku ile ya jikoni alisema nusu tu. Aliagiza jambo hilo lisomwe hapa, akisema kwa maneno yake mwenyewe, kwa sababu watanisifia uaminifu, nami sitakuwepo kukataa.

Mzee wetu alifariki tarehe 9 Machi 2024, saa nne na dakika ishirini asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mke wake, akiwa na umri wa miaka sitini na mmoja, miezi tisa na siku ishirini na nne, ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu wawili, na tunakiri kwamba tunampenda leo kuliko tulivyompenda tulipodhani hana kosa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, waliovumilia mgonjwa aliyetaka kujua kila dripu inafungwaje, majirani waliopika na kufagia tangu Jumamosi, mabaharia wenzake waliobeba jeneza, na Grisi, aliyekaa naye kila alasiri ya ugonjwa wake.

Binti yake aliwasili juzi, na ameomba tumalizie na jibu alilomtumia baba yake kutoka melini, ambalo mama alimchezea tarehe 6 Machi, naye akaomba achezewe tena: Baba, mimi nilijua, siku ile ile ya matengenezo niliona kwenye kitabu cha kazi mwandiko wako unaoagiza pampu ifunguliwe, na ningeweza kwenda kwa nahodha kusema, sikwenda, kwa kuwa nilipoona sitashuka kule peke yangu nilishusha pumzi, nikakununia mwaka mzima ili mtu yeyote asijue kwamba na mimi nilikuwa naogopa.

Baba, mume, kaka, mjomba, pumzika sasa, tena kwa amani yote.