Meza Isiyo na Pembe

Baada ya miaka thelathini na moja ya kukunja mashuka katika kiwanda chetu cha kufulia, Bi Mashuka anavua aproni yake leo Ijumaa, tarehe thelathini ya mwezi wa sita, na kustaafu. Kamati ya sherehe imenipa mimi, fundi wa boila, kazi ya kuandika wasifu wake. Wenye vyeti wapo hapa, sikatai, nami shule niliiaga kabla haijaniaga. Lakini nimewasha boila za meli, za hoteli na za gereza moja (nilikuwa mfanyakazi, si mfungwa), na mtu aliyezunguka hivyo hatishwi na karatasi.

Alikuja kwetu mwembamba kama kamba ya kuanikia, hana maneno, macho chini. Akapangiwa mashine ya rola, ile inayomeza shuka lililokunjamana na kulitema limenyooka. Huko nyuma alikuwa amefukuzwa kazi hapa na pale, kote kwa sababu moja ambayo hakumwambia mtu. Sisi tuliijua mwezi wa pili, alipoanguka kifafa juu ya mashine. Mkono wake wa kulia ulishikwa na rola kabla sijafunga mvuke. Harufu ile nikiikumbuka, hata mimi mla vyote huisukuma sahani. Wenzetu walikimbilia mlangoni, wakabaki pale wakitazama povu, na mmoja akapiga kelele, "Msimguse, mtaambukizwa!"

Alipotoka hospitali alikuja kuaga. Alishazoea. Lakini aliikuta aproni yake imefuliwa na kutundikwa kwenye msumari wake uleule. Meneja wa wakati huo alikuwa marehemu Mzee wa Funguo, tuliyemwita hivyo kwa sababu ya rundo la funguo lililomtangulia kwa kelele kila aendako. Alimwambia, "Kwenye mashine nimekutoa, mama. Kazini sijakutoa."

Akampa meza ya kukunjia. Akamwita seremala, meza ikakatwa pembe zote nne na kupigwa msasa mpaka ukiipapasa huoni pa kuumia. Chini ukatandikwa mpira. Akamwondoa zamu ya usiku, maana kukosa usingizi huuita ugonjwa ule. Kisha akamleta muuguzi atufundishe cha kufanya, na mgonjwa wa mfano nikawa mimi, nani mwingine? Nilijitupa chini, nikatikisika kwa ufundi hata mpishi wa kantini akaanza kulia kweli. Wanaume wanne walihema kunigeuza ubavu. Muuguzi akasema mkiliweza gogo hili, Bi Mashuka kwenu ni unyoya.

Wapo walionung'unika. Mbona yeye hakeshi? Mzee wa Funguo alimjibu mmoja wao mbele yetu sote, "Zamu yake nitakupa. Ila inakuja pamoja na ugonjwa wake. Nikufungie vyote viwili?" Hakuna aliyefungiwa.

Pale mezani mtu yule akachanua. Kwa mkono uliobaki na makovu alikunja shuka likatoka limenyooka kama limekatwa kwa wembe. Akapanda kuwa kiongozi wa chumba cha kukunjia, na wasichana wote mnaowaona leo wakikunja huku wanapiga soga wamepita mikononi mwake, na kwenye ulimi wake pia. Mimi mwenyewe nilipita. Kila nilipotokeza alisema, "Boila, mikono yako ikae hukohuko kwako." Doa lililojificha kwenye pindo alilinusa kabla hajaliona. Hoteli kubwa ziliacha kuturudishia mizigo.

Aliendelea kuanguka. Sitawadanganya kwa kuwa kuna keki. Dawa zilimpunguzia, hazikumponya. Ameanguka siku ya wakaguzi, ameanguka mwenye harusi amesimama mapokezi anangoja vitambaa vyake vya meza. Kila mara palikuwa na mkono wa kumgeuza, shuka la kuweka chini ya kichwa, na mtu wa kumwambia akizinduka: uko kazini, ni sisi. Akishapumzika anasimama na kutukaripia kwamba shuka lile la kichwani tumelikunja vibaya. Mzee wa Funguo ametangulia mbele ya haki, lakini utaratibu wake hatukuuzika naye.

Sasa nifike kwenye lile linaloniondolea raha. Tangu binti yake aolewe mbali, Bi Mashuka anaishi peke yake, chumba kimoja katika nyumba ya wapangaji. Huko hakuna anayejua. Wamesikia kishindo ukutani, asubuhi wamemwona na uso uliovimba, wakakata shauri kwamba anakunywa. Wanamwita Mama Chupa. Mwanamke ambaye hata soda humshinda, akatuachia nusu!

Nilimuuliza kwa nini hawaambii ukweli. Akanijibu, "Boila, mlevi hupangishwa chumba. Mwenye kifafa hufungishwa virago."

Ndipo akanisimulia habari za mdogo wake, waliyezaliwa naye tumbo moja na kuugua ugonjwa mmoja. Aliangukia jiko la mkaa uani mchana kweupe. Majirani walikuwepo, wengi tu. Walisimama mlangoni wakiogopa povu, mpaka pakawa hapana tena wa kuokoa.

Wengine tunastaafu ili tupumzike. Yeye anaondoka mahali pekee penye watu wa kumgeuza ubavu.

Nilipomwambia kwamba wasifu wake nauandika mimi, nilidhani ataniomba nimfichie. Alikunja shuka moja, akakunja la pili. Halafu akasema, "Andika yote. Uusome kwa sauti yako hiyo ya boila, na wapangaji wenzangu waalikwe." Nikauliza, na mwenye nyumba je? "Huyo akae mbele."

Basi, mama mwenye nyumba, shikamoo. Wewe na wapangaji wako, haya ni yenu. Siku akianguka, ondoeni karibu yake kila kigumu na kila cha moto. Msimkandamize. Msimtie kijiko mdomoni, wala kidole, mtakihitaji. Wekeni kitu laini chini ya kichwa, mgeuzeni ubavu, mtazame saa. Zikipita dakika tano hajatulia, mkimbizeni hospitali. Hauambukizi. Povu lake limenikaukia kwenye shati miaka nenda miaka rudi, na ugonjwa wangu ni uleule niliokuja nao, wa kusema sana. Akizinduka, mwambieni yuko wapi, na kwamba ni nyinyi.

Mimi na wenzangu hatukununua kabati wala saa ya ukutani. Kiwanda kimempa seremala ruhusa ya Jumamosi nzima, aende na msumeno na msasa chumbani kwa Bi Mashuka, akazikate pembe za kitanda na za meza. Zana zake zimo kwenye gari tayari. Linalongojwa ni neno lako moja, mama, maana mlango ni wako.

Bi Mashuka, umetufundisha kukunja, na umetufundisha kukimbilia kwa aliyeanguka badala ya kumkimbia. Asante, na tena asante. Msumari wa aproni yako hatutaruhusu mtu mwingine autundikie chochote. Siku ukipachoka huko, njoo ukae utukaripie. Tunakutakia siku ndefu, usingizi wa kutosha na dawa zisizokatika. Na ukianguka, dada yetu, uangukie penye watu.