Kishindo na Timpani za Saizi Moja

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Kishindo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika nyumba za watumishi nyuma ya kituo cha zimamoto, alikofanya kazi baba yake. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watano.

Alisoma shule ya jirani hadi mwaka 1967, kisha akajiunga na bendi ya zimamoto. Huko ndiko alikokutana na timpani, zile ngoma za shaba zenye tumbo kama sufuria, kila moja na saizi yake: kubwa kwa sauti nene, ndogo kwa sauti nyembamba. Alizipenda kupita kiasi, wala hakuficha.

Mwaka 1974 aliajiriwa na okestra ya jiji. Tarehe 6 Agosti 1977 alifunga ndoa na fundi cherehani, wakajaliwa binti mmoja, ndiye anayewasomea. Walipokwenda kununua vyombo vya nyumbani, bwana harusi aligonga kila sufuria dukani na kuitegea sikio, hadi mwenye duka akamvuta bibi harusi pembeni: "Dada, huyu mzima kweli?"

"Sina uhakika," alijibu, "lakini nimeshakubali."

Sasa tufike panapotia kinyaa. Mwaka 2009 uongozi wa okestra ulinunua timpani nne mpya bila kumuuliza. Za plastiki ngumu, na zote saizi moja. Mwenyekiti alizisifu: "Angalia zinavyofanana, mzee. Jukwaa limependeza!"

"Kwani mlikuwa mnanunua ngoma au mapazia?"

Ili kupata sauti nyembamba, ngozi ilikazwa mpaka ikalia kama ndoo. Kwa sauti nene ililegea, ikabwabwaja. Zile za shaba, alizozipangusa kwa mikono yake miaka yote hiyo, ziliuzwa kama vyuma chakavu. Marehemu alirudi nyumbani, akakaa sebuleni bila kuvua koti, hata chakula hakugusa. Kesho yake aliacha kazi na hakupiga tena mahali popote. Uongozi ukatangaza kwamba amezeeka, mikono inatetemeka. Uongo mtupu, tena uliosemwa bila haya.

Alianza kuugua figo mwaka 2021. Alifariki hospitalini tarehe 2 Juni 2024, mchana, mkewe akiwa amemshika mkono. Wiki hiyo alimwambia binti yake, "Najua siku ya kunizika watazileta zile ngoma zao za plastiki. Mwanangu, usikubali."

Aya hii haimo kwenye kijarida mlichoshika, maana imeandikwa asubuhi ya leo. Wamezileta. Zimefungwa utepe mweusi, na mwenyekiti ameomba zipigwe jeneza likishushwa, "kwa heshima ya mzee wetu." Heshima gani hiyo? Familia imekataa. Zimo kwenye gari lao pale langoni, na humo zibaki. Kishindo atashushwa kimya.

Ameacha mjane, binti, wajukuu wawili na dada wawili. Pumzika kwa amani, baba. Hakuna atakayezigusa.