Chaki kwa Aliyeona Kosa

Wasikilizaji wapendwa, mmenizoea kwa ukali. Leo nimekuja kushukuru, mnivumilie. Mwalimu Chaki ametutoka. Mwalimu Chaki, aliyefundisha hesabu miaka thelathini na moja, alifariki Jumanne.

Jina hilo tulimpa sisi wanafunzi wake. Darasani kwake sheria ilikuwa moja: ukiona kosa lake ubaoni, sema, upewe chaki, usahihishe. Kisha yeye anakuja kukaa kwenye dawati lako, magoti yamebanwa, anasema, "Haya mwalimu, nieleze taratibu, mimi kichwa kigumu." Darasa zima hoi kwa kicheko. Mwenye kigugumizi alieleza. Aliyezoea kujificha nyuma alieleza.

Mimi nilishafukuzwa shule mbili kwa ubishi. Yeye ndiye wa kwanza kuniambia, "Bisha, mwanangu. Ila ubishe kwa hoja."

Siku moja akaja mkaguzi. Alikuja kuamua kama Mwalimu Chaki awe mwalimu mkuu. Akaketi nyuma, suti imenyooka, daftari mapajani. Mwalimu akaandika: saba mara nane, hamsini na nne.

Jirani yangu akanikanyaga mguu. "We! Leo meza tu mate!"

Mkono wangu ukapanda wenyewe. "Mwalimu, ni hamsini na sita."

Akautazama ubao. Akamtazama mkaguzi. Akanipa chaki, akaja kukaa mahali pangu. "Haya mwalimu, nieleze."

Mkaguzi aliandika: "Hana mamlaka darasani." Cheo kikaenda kwa mwenye kiboko kirefu. Sijasahau, wasikilizaji. Wala sitasahau. Na mkono ule nimeubeba kama jiwe miaka yote hiyo.

Juzi msibani nikamweleza binti yake, muuguzi. Akacheka, machozi yanamtoka. "Kumbe ni wewe! Baba alimlaumu mama sana siku ile. 'Si ungemkonyeza tu yule mtoto anyamaze?' Mama akamjibu, 'Akinyamaza leo, nani atamfungua mdomo kesho? Acha cheo kiende.'"

Mzee wetu, dada yetu muuguzi, wajukuu: poleni sana. Na asanteni kwa kutugawia mama.

Nawe mwalimu unayenisikiliza, kesho mkono utanyanyuka kule nyuma kukwambia umekosea. Utashika kiboko, au utatoa chaki? Fikiri vizuri. Mdomo huu unaosema nawe hapa, ulifunguliwa siku ile.